Joki akisema anaumwa rohoni, hushushwa kwenye farasi

#1 Saisi wa Chumbageni

Wanajukwaa, assalaam aleikum, na habari za asubuhi kwa wote.

Wiki iliyopita niliingia katika duka moja la kubeti hapa Ngamiani, Tanga, nikimtafuta mpwa wangu, nikawakuta vijana wapatao kumi wamekodolea macho mbio za farasi za kuchorwa na kompyuta. Farasi walichorwa kwa ustadi, hata jasho la shingoni lilionekana, lakini wapandaji hawakuwa na nyuso. Walikuwa kofia na fulana za rangi tu. Kijana mmoja akasema kwamba kazi hiyo angeiweza, kwa kuwa mtu anakaa tu na farasi ndiye anayekimbia. Sikumjibu pale, kwa sababu mpwa wangu alikuwa ameshaona aibu ya kutosha, lakini maneno yale yamenikaa kifuani, na ndiyo yaliyonifanya nifungue uzi huu.

Nilikuwa saisi kwa miaka tisa huko Ghuba, katika mabanda ya farasi wa mbio. Kwa wasiolijua neno hili, saisi ni mtunza farasi: humlisha, humwogesha, humtembeza na kumtandika. Yeye ndiye anayemkabidhi joki, yaani mpanda farasi wa mbio, farasi wake kabla ya mbio na ndiye anayempokea mbio zikiisha, kwa hiyo huziona zile nyuso ambazo kompyuta haikuzichora. Ninachotaka kusema ni kwamba majoki wengi wanaugua sonona, na wananyamaza kwa sababu katika kazi yao kusema kuna bei, na bei yenyewe ni farasi wa kesho.

Nianze na mizani. Joki hupimwa kabla ya mbio akiwa amebeba tandiko lake, na akimaliza miongoni mwa wa mbele hupimwa tena, ili ihakikishwe kwamba farasi amebeba uzito uleule aliopangiwa. Katika Kentucky Derby ya Marekani, farasi dume hubeba kilo 57, joki na tandiko kwa pamoja, na huo ni uzito wa ukarimu. Zipo mbio za kila wiki ambazo farasi hupangiwa kilo 53 au hata pungufu. Rafiki yangu mmoja, joki ambaye sitamtaja jina wala nchi aliyotoka, alikuwa amenizidi urefu, na huo ndio uliokuwa msiba wake. Siku za mbio, adhuhuri, wakati sisi sote tumetafuta kivuli na paka wamelala chini ya matangi ya maji, yeye alivaa nguo za nailoni juu ya sweta, akaingia garini, akapandisha vioo na kuwasha hita. Alikaa humo akisikiliza redio mpaka kilo moja na nusu zimetoka. Akishuka, alisukutua maji mdomoni na kuyatema. Sisi tuliozoea kufunga Ramadhani tulidhani tunamwelewa, lakini saumu yetu ina magharibi: adhana ikilia, tende ipo mkononi. Yake haikuwa na magharibi. Akijikondesha kwa ajili ya Alhamisi, Jumamosi ilikuwa ikimsubiri.

Jambo la pili ni malipo. Joki wa kawaida hulipwa kwa kila farasi anayempanda, na akishinda hupata sehemu ya zawadi. Anayeamua nani apande ni mwenye farasi pamoja na mkufunzi wake, na baina yao na joki yupo wakala mwenye simu. Joki akisema Jumatatu kwamba hajisikii vizuri, Jumanne mtu mwingine amekaa juu ya farasi wake, na farasi huyo akishinda, harudishiwi tena. Tena kushindwa ndiyo kazi yenyewe. A. P. McCoy wa Ireland ya Kaskazini, aliyekuwa bingwa wa mbio za kuruka viunzi nchini Uingereza kwa misimu 20 mfululizo hadi alipostaafu mwaka 2015, alishinda zaidi ya mara 4,300, lakini alipanda zaidi ya mara 17,000. Huyo ndiye bingwa kuliko wote, na bado katika kila safari nne, tatu alirudi bila ushindi. Sasa mfikirieni yule wa daraja la chini, anayepanda farasi watatu wasio na tumaini kwa siku moja, kisha akafika nyumbani usiku na njaa yake, akafungua simu na kukuta matusi ya watu waliopoteza dau zao, na siwezi kuapa kwamba hakuna anayetukana kutoka hapahapa Tanga.

Mwili wake unaruhusiwa kuvunjika. Mbio zikianza, gari la wagonjwa huwafuata majoki kwa nyuma, likikimbia nao hadi mwisho. Joki akivunjika mtulinga hutaniwa kwa upendo, na akirudi husimuliwa kama shujaa. Rafiki yangu aliwahi kuvunjika mbavu mbili, na habari hiyo aliisimulia mwenyewe kwa fahari, akifunua shati. Lakini asubuhi ambazo hakuweza kuinuka kitandani, ingawa mwili wake haukuwa na jeraha lolote, aliniomba nimwambie mkufunzi kwamba tumbo limemsumbua. Nilisema hivyo mara nne. Nilijiona namsaidia.

#2 Muuguzi wa Sahare

Waalaikum salaam, kaka Saisi. Nashukuru kwa kutumia neno sonona, kwa sababu wengi wetu husema msongo wa mawazo kwa kila kitu, kuanzia ada ya shule hadi ugonjwa unaoua.

Sonona ni ugonjwa. Mtu hukaa wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, moyo wake umezama au hafurahii hata yale aliyokuwa akiyapenda. Usingizi huharibika, nguvu huisha, fikra hutawanyika, na hujiona hana thamani. Hamu ya kula nayo mara nyingi hupotea. Ndugu zangu, hapo ndipo habari ya majoki iliponishtua, kwa sababu kukosa hamu ya kula kungeishtua nyumba yoyote ya Tanga, mama angehangaika na uji na bibi angeuliza maswali, ilhali kwa joki dalili hiyohiyo huonekana kuwa bidii ya kazi. Mizani inasoma vizuri, basi kila mtu anafurahi.

Na njaa yenyewe huweza kuleta giza hilo. Mwaka 1944 na 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, mwanasayansi Ancel Keys aliwapunguzia chakula kwa karibu miezi sita vijana 36 wenye afya ambao walijitolea wenyewe, ili kujifunza jinsi ya kuwasaidia watu walioathiriwa na njaa ya vita. Walipoteza karibu robo ya uzito wao. Lakini kilichoandikwa sana baadaye ni tabia zao: walikuwa wepesi wa hasira, walijitenga, waliota chakula, walikusanya vitabu vya mapishi, na baadhi yao walizama katika huzuni nzito. Walikuwa vijana waliochujwa kwa uzima wa mwili na akili kabla ya kuanza. Joki anaishi maisha yanayofanana na hayo kwa miaka 15, akiwa amepungukiwa pia na maji mwilini, na juu yake anaanguka kichwa chini. Mtikisiko wa ubongo nao huweza kuacha nyuma huzuni, hasira na kukosa usingizi kwa miezi.

#3 Kijana wa Makorora

Shikamoo mzee Saisi, shikamoo dada Muuguzi. Nimesoma kwa makini, na naomba radhi mapema ikiwa nitakwaza. Binafsi naona watu hawa wameichagua kazi hiyo wenyewe, wanapigwa picha na wafalme, na wengine wana magari ambayo sisi tutayaona kwenye simu tu. Mtu mwenye uwezo wa namna hiyo akisema ana sonona, mimi naona ni upungufu wa shukrani na wa imani. Hapa mtaani vijana wanaamka saa kumi usiku kwenda kubeba mizigo bila chai, na hawana muda wa kuugua ugonjwa wa moyo mzito. Nitafurahi nikielezwa ninapokosea.

#4 Saisi wa Chumbageni

Marahaba, mwanangu. Hujanikwaza, hata mimi nilifikiri hivyo mwaka wangu wa kwanza.

Nitakuanzia na mtu aliyekuwa na kila kitu. Fred Archer alikuwa bingwa wa majoki wa Uingereza kwa miaka 13 mfululizo, kuanzia 1874 hadi 1886, akashinda mbio 2,748. Watu walimtambua barabarani kama wanavyotambuliwa wachezaji wa mpira leo. Urefu wake ulikaribia sentimita 178, na ili apande alijinyima chakula na kunywa dawa kali ya kuharisha. Mwaka 1884 mkewe alifariki muda mfupi baada ya kujifungua. Oktoba 1886 alijikondesha ili ampande St Mirin katika mbio za Cambridgeshire, akashindwa kwa urefu wa kichwa cha farasi tu. Siku chache baadaye akashikwa na homa ya matumbo, na tarehe 8 Novemba akajiua, akiwa na miaka 29. Walioketi kuchunguza kifo chake waliamua kwamba akili yake ilikuwa imevurugika kwa muda. Homa ilitajwa sana, na mimi huwaelewa, kwani homa haimwaibishi mtu. Kuhusu ukiwa wa miaka miwili, njaa ya miaka kumi na mitatu na chumba cha mizani, hakukuwa na kipimo.

Ruka sasa miaka 130. Kieren Fallon, mtu wa Ireland aliyekuwa bingwa nchini Uingereza mara sita, alistaafu mwaka 2016, na daktari mkuu wa mamlaka ya mbio ya Ireland akatangaza kwamba anaugua sonona kali. Kilichonigusa mimi ni kwamba neno lilitamkwa wazi, na lilitamkwa na daktari, ila lilitamkwa siku ya kutundika hatamu. Alipokuwa bado anapanda, waliokuwa wakimtazama walisema ni mkimya, ni mgumu wa tabia, na kwamba alivyo ndivyo alivyo.

Wa tatu ni Liam Treadwell. Mwaka 2009 alishinda Grand National, mbio kubwa kuliko zote za kuruka viunzi, akiwa juu ya Mon Mome, farasi ambaye aliyemwekea pauni moja alilipwa faida ya pauni mia. Mwaka 2016 alianguka vibaya na kupata mtikisiko wa ubongo, na baadaye akasema hadharani jinsi akili yake ilivyoteseka. Aliacha kupanda, akarudi, kisha akafariki mwaka 2020 akiwa na miaka 34. Wenzake walilia mbele ya kamera, watu wazima waliozoea kuinuka na mifupa iliyovunjika.

Kuhusu vijana wabeba mizigo, nakubaliana nawe kwamba kazi yao ni ngumu. Lakini unaposema hawana muda wa kuugua, umesema mwenyewe lile ninalolisema mimi. Joki naye hana muda wa kuugua, na ndiyo maana anaugua kimya. Ama imani, rafiki yangu alikuwa mtu wa ibada kunizidi mimi, na sala hazikumpita.

#5 Kocha wa Mikanjuni

Ndugu zangu, mimi nafundisha ndondi, na nimesoma habari hii kama mtu anayesoma barua ya nyumbani kwake.

Hapa Tanga vijana wanaoingia ulingoni wana ndoto moja, nayo ina jina la Hassan Mwakinyo, kijana wa mkoa wetu aliyekwenda Birmingham Septemba 2018 na kumshinda Sam Eggington mbele ya watu wake. Wanachokiona ni ngumi. Hawaoni mizani. Bondia hupimwa siku moja kabla ya pambano, kisha hunywa, hula, hulala, na huenda akakaa miezi mitatu au minne kabla ya kupimwa tena. Hata hivyo, siku tatu kabla ya mizani kijana mpole kabisa hugeuka mtu mwingine: hugombana na mama yake, hulia bila sababu, hutafuna ubani na kutema mate katika kopo. Nimewakimbiza kando ya bahari Raskazone saa saba mchana wakiwa wamevaa mifuko ya plastiki chini ya fulana, jambo ambalo leo silifanyi tena. Sasa naambiwa kuna watu ambao siku zao tatu hizo hazimaliziki, ambao hupimwa leo, kesho na keshokutwa, mwaka mzima. Sikuwahi kulifikiria hilo, na nimefundisha mchezo wa uzito kwa miaka 20.

Niseme na langu, kwa kuwa tumeshaanza kusema. Nilikuwa na kijana mwenye kipaji kikubwa. Alianza kuchelewa mazoezini, kisha akawa anakuja na kukaa pembeni akiangalia mikono yake. Nyumbani walisema amepandwa na jini, wakampeleka kwa mganga, wakachinja mbuzi. Mimi nilijiona nimeelimika kuliko wao, kwa hiyo nikamwambia ajikaze, mwanamume haangushwi na mawazo. Kwa kweli wao walimsaidia zaidi, maana angalau walikubali kwamba anaumwa. Aliondoka Tanga, na nasikia yuko Dar es Salaam anauza vipuri vya pikipiki.

#6 Muuguzi wa Sahare

Kocha, pole sana, na nakushukuru kwa ukweli wako.

Hilo la mganga si la kucheka. Familia nyingi hupita huko kwanza kwa sababu jini ni mgeni, na mgeni hutolewa, wala hamwachii mtu jina. Hospitali ndiyo inayoacha jina. Sote tumesikia mtu akitaniwa kwamba apelekwe Mirembe, kana kwamba hospitali ile ya Dodoma ni tusi. Kwetu huku tuna Lutindi, kule Korogwe katika milima ya Usambara. Wamisionari wa Kijerumani walipafungua mwaka 1896 pawe makao ya watoto waliookolewa utumwani, na mwanzoni mwa karne ya 20 pakaanza kupokea wagonjwa wa akili. Hadi leo wagonjwa hulima na kufanya kazi za mikono huku wakitibiwa. Mahali palipoanza kwa kuwavua watoto minyororo, sisi tumepageuza jina la kumtishia mtoto mtundu. Nami hukutana na watu wazima wanaokubali sindano ya malaria wasiyoumwa kuliko kusikia neno akili likitajwa.

Sheria nayo huongeza uzito. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa, kwa hiyo ndugu humleta mgonjwa huku wakiapa kwamba ilikuwa ajali, na mgonjwa mwenyewe hurudia maneno hayohayo, na anayetaka kumtibu huanza kazi yake juu ya uongo uliotungwa kwa hofu. Hofu ya joki kwa daktari wa uwanjani inafanana na hiyo. Daktari huyo ana mamlaka ya kumzuia asipande mpaka athibitishwe kuwa mzima, na mamlaka hiyo ni ya haki, kwa sababu mtu mwenye mtikisiko wa ubongo akianguka tena huweza kufa. Lakini mtu mmoja akiwa ndiye tabibu wako na ndiye mshika funguo za mkate wako, utamwambia kichwa hakiumi.

Kama yupo anayesoma hapa na mawazo ya kufa yanamjia, naomba asisubiri uzi huu uishe. Amwambie mtu mmoja anayemwamini, kisha waende wote wawili katika kituo cha afya kilicho karibu.

#7 Kijana wa Makorora

Dada, kocha, mzee, nimewaelewa, na maneno yangu ya juu kuhusu imani nayarudisha. Naomba kuuliza: je, huko kwenye mbio zenyewe hakuna aliyefanya lolote? Au ni kusema tu kwamba watu wazungumze?

#8 Saisi wa Chumbageni

Yamefanywa mengi, na mengine mazuri, ila kwa mpangilio unaoonyesha kilichoaminiwa kuwa ugonjwa.

Mwaka 1964 nchini Uingereza ulianzishwa mfuko wa kuwasaidia majoki walioumia, ujulikanao kama Injured Jockeys Fund, baada ya Tim Brookshaw na Paddy Farrell kuanguka na kupooza katika muda wa miezi michache. Mfuko huo leo una nyumba za kuwarudishia majeruhi nguvu, ya kwanza ikiwa Oaksey House, iliyofunguliwa Lambourn mwaka 2009, na siku hizi unawasaidia pia wanaougua akili. Lakini ulizaliwa kwa ajili ya uti wa mgongo. Roho ilingoja miongo kadhaa. Chama cha majoki nacho kimeweka simu ya siri ambayo joki huweza kuipiga saa yoyote, na mwajiri wala mkufunzi hapati habari. Mimi nalithamini hilo kuliko mabango yote, kwa sababu limegusa ile bei niliyoitaja: mtu anasema, na farasi wa kesho habanduki.

Mwaka 2021 Uingereza iliamua kuziondoa kabisa sauna katika viwanja vya mbio, na baadaye uzito wa chini ukaongezwa kidogo. Wapo majoki walionung'unika kwamba mtu atajichemsha nyumbani kwake au garini, na mimi niliyeiona ile hita siwezi kuwabishia sana. Hata hivyo, kuna tofauti baina ya mtu kujiumiza kwa siri na uwanja wenyewe kumjengea chumba cha kujiumizia na kukipasha moto kila asubuhi.

Na watafiti wa Waterford, Ireland, waliwauliza majoki wa nchi hiyo. Takriban wanane katika kila kumi walikuwa na dalili zilizofikia kiwango cha angalau tatizo moja la afya ya akili. Unywaji wa pombe wa kudhuru ulitajwa na asilimia 61, na dalili za sonona zilionekana kwa asilimia 35. Dada Muuguzi atasema, na atakuwa na haki, kwamba dodoso si sawa na kukaa mbele ya daktari. Lakini hiyo ya pombe haikunishangaza hata kidogo. Pombe huleta usingizi, na mtu akilewa baada ya mbio hakuna anayemwuliza kulikoni.

Msiache kutazama jambo moja. Huko Ireland wapo pia waliosema wazi. Mark Enright, joki wa mbio za kuruka viunzi, alieleza hadharani kwamba aliugua sonona, akatibiwa, kisha akarudi kupanda na kushinda. Naona yeye aliwafaa wenzake kuliko hotuba nyingi, maana baada ya kusema walimwona bado yuko juu ya farasi.

#9 Mama Mofa wa Barabara ya Kumi na Mbili

Salaam kwenu wanangu. Mimi napika na kuuza mikate, farasi nimewaona kwenye kalenda. Nimesomewa uzi huu na mjukuu wangu tangu mwanzo. Niliwahi kukaa na mtu wa namna hiyo ndani ya nyumba, mtu wangu mwenyewe, na kila sahani aliyoirudisha nilidhani ameichukia mikono yangu. Siku hizo hakuna aliyetueleza. Ninalo swali moja tu, Saisi. Umesema ulimdanganyia rafiki yako mara nne. Je, ya tano ilikuwaje, na mtoto wa watu yuko wapi?

#10 Saisi wa Chumbageni

Shikamoo mama. Swali hilo nililiogopa tangu nilipoandika ile sentensi.

Ya tano haikuwa ya kudanganya. Usiku mmoja, tukiwa katika chumba cha matandiko, mimi napaka mafuta ngozi na yeye amekaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, aliniambia kwamba asubuhi akiwa anakwenda mazoezini huwa anatamani barabara isifike. Alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayezungumzia bei ya majani ya farasi. Nami nilimjibu kwamba asijali, atapata farasi mwingine mzuri. Mama, nilijibu kuhusu farasi. Alicheka kidogo, akaniombea usiku mwema, akaondoka.

Aliyemwokoa ni mke wa joki mwingine, aliyemwona akisimama sokoni kwa muda mrefu mbele ya matunda bila kununua chochote, akamwuliza, na alipojibiwa kwamba hakuna kitu hakuondoka. Alimpeleka kwa daktari aliye nje ya mambo ya mbio, mjini, ambaye hakujua hata maana ya chumba cha mizani. Alipewa dawa, akapewa mtu wa kuzungumza naye kila wiki, na kwa miezi kadhaa hakupanda. Farasi wake wakuu walichukuliwa, kama nilivyowaeleza, na hawakurudi. Hilo silipambi.

Sasa anafanya kazi ya kuwakimbiza farasi mazoezini alfajiri, ambako uzito haupimwi kwa gramu, na amenenepa mpaka picha yake ya kwanza sikuitambua. Huniletea ujumbe wa sauti kila baada ya siku chache. Juzi nilimweleza kuhusu uzi huu na kumwomba ruhusa, akanipa, kwa sharti la kutomtaja jina. Kisha akataka kujua watu wa Tanga wanafungua kinywa kwa nini asubuhi. Nikamwambia wengi wetu ni chai ya tangawizi, maharage ya nazi na chapati. Kukawa kimya kidogo, halafu ukaja ujumbe mwingine akiuliza chapati moja ina uzito gani.

Nilimjibu kwamba hapa Ngamiani chapati hatuzipimi, tunazihesabu. Hajajibu bado. Saa hizi kwao ni alfajiri, na nadhani yuko juu ya farasi.